Msimu wa besiboli wa 2024 ndani ya programu ya takwimu: uzoefu wangu

Nimeitumia programu hii ya takwimu za besiboli kuanzia wiki ya kwanza ya msimu wa 2024 hadi tuzo za mwisho zilipotangazwa mwezi Novemba, kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyeifungua mara mbili akaifuta. Ninaishi Michigan na nafanya kazi kiwandani, zamu ya mchana, na mechi nyingi za Detroit nimezisoma kwa tarakimu kuliko nilivyozitazama. Ada ya mwaka haikuniumiza, kwa kuwa inalingana na chakula cha mchana cha watu wawili katika mgahawa wa kawaida. Nilitaka kujua nani anaongoza katika jambo gani, kisha msimu ukiisha nielewe kwa nini tuzo imekwenda kwa fulani na mwenzake akaikosa.

Katika hilo la kwanza sina malalamiko makubwa. Ukurasa wa vinara unafunguka upesi na picha za wachezaji hazimalizi bando. Nilimwona Aaron Judge wa Yankees, aliyeuanza msimu vibaya kiasi cha kuzomewa, akipanda wiki hadi wiki mpaka akafunga hesabu kwa homurani 58, yaani mipira 58 aliyoipiga ikavuka uzio, na wakimbiaji 144 walioingia kwa mapigo yake. Nilimwona Elly De La Cruz wa Cincinnati akiiba besi 67, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, akiwaacha wote katika ligi zote mbili za besiboli kuu ya Marekani, American League na National League. Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanza, maana De La Cruz huyo huyo ndiye aliyetolewa kwa straiki, yaani kushindwa kuupiga mpira mzuri hadi mara tatu, mara nyingi kuliko mpigaji yeyote, mara 218, lakini orodha hiyo imefichwa katika ukurasa mwingine kabisa, kana kwamba ni mtu mwingine.

Tatizo lenyewe ni kwamba programu imejengwa kwa ajili ya mtu wa kwanza peke yake. Kila kipengele kinaonyesha jina moja kwa herufi kubwa, na ukitaka kumjua wa pili na wa tatu ni lazima ubonyeze tena na tena. Katika msimu mwingine huenda nisingejali, lakini msimu wa 2024 ulikuwa wa watu wa pili. Chukua wastani wa upigaji, yaani mapigo halali yakigawanywa kwa zamu za kupiga, katika National League. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni la Luis Arraez wa San Diego, .314, na anastahili heshima yake, kwa kuwa aliongoza ligi miaka mitatu mfululizo akiwa na timu tatu tofauti: Minnesota mwaka 2022, Miami mwaka 2023, kisha San Diego. Aliyemfuata, kwa tofauti ya sehemu nne tu za elfu, ni Shohei Ohtani wa Dodgers mwenye .310, ambaye tayari alikuwa ameongoza ligi hiyo kwa homurani 54 na kwa wakimbiaji 130 walioingizwa. Sehemu nne hizo ndizo zilizomnyima Taji Tatu, yaani kuongoza ligi katika wastani, homurani na wakimbiaji kwa pamoja, jambo ambalo Miguel Cabrera alilifanya hapa Detroit mwaka 2012 na ambalo katika National League halijaonekana tangu 1937. Habari kubwa kiasi hicho sikuipata kwenye ukurasa wa vinara. Niliigundua nilipobonyeza jina la Arraez kwa bahati.

Ukurasa wa tuzo ndio ulioniudhi zaidi. Umeandika jina la mshindi, timu na mwaka, basi. Tuzo hizi hupigiwa kura na waandishi wa habari za besiboli, wawili kutoka kila mji wenye timu katika ligi husika, na kura hukusanywa kabla mechi za mtoano hazijaanza. Katika kura ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi, kila mwandishi hupanga majina kumi, wa kwanza akipata alama 14 na wa pili alama 9. Judge aliwekwa wa kwanza na waandishi wote 30 wa American League, akapata alama 420. Lakini Bobby Witt Jr. wa Kansas City aliwekwa wa pili na waandishi wote 30 vilevile, akapata 270, baada ya kuongoza ligi kwa wastani wa .332 na mapigo 211 halali. Mtu anayeusoma ukurasa huo miaka kumi ijayo hatajua kwamba Witt alikuwepo. Hatajua pia kwamba Luis Gil wa Yankees alipata tuzo ya chipukizi kwa kumzidi Colton Cowser wa Baltimore alama tano tu, 106 kwa 101. Tofauti ya namna hiyo ikiachwa, tuzo inabaki kama cheti kilichotundikwa ukutani bila maelezo.

Kwa upande wa warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, programu ilinifurahisha na kunikera kwa pamoja. Tarik Skubal wa hapa kwetu alishinda mechi 18 na kupoteza 4, akaruhusu wastani wa mikimbio 2.39 kwa kila awamu tisa, akawatoa wapigaji 228 kwa straiki, na katika yote matatu akawa kinara wa American League. Chris Sale wa Atlanta, ambaye miaka iliyotangulia aliandamwa na majeraha, alifanya hivyo hivyo katika National League kwa 18, 2.38 na 225. Ligi zote mbili kupata warushaji wa namna hiyo katika msimu mmoja hakukuwa kumetokea tangu 2011, na hapa programu ilistahili sifa, kwa sababu iliweka alama ndogo ya taji kando ya majina yao. Wenzangu kiwandani, ambao mapema Agosti walikuwa wamekwisha kukata tamaa na Detroit, walikuwa wakiniomba simu niwaonyeshe mstari wa Skubal kila baada ya mechi yake.

Paul Skenes wa Pittsburgh, hata hivyo, hayumo. Alianza kurusha katika ligi kuu tarehe 11 Mei, akamaliza na wastani wa 1.96, akachukua tuzo ya chipukizi ya National League, lakini ukitafuta vinara wa wastani humpati. Niliwaandikia nikidhani ni hitilafu. Nilijibiwa baada ya siku tisa, kwa sentensi moja, kwamba mchezaji huyo hajatimiza masharti. Ni kweli: mrushaji anatakiwa afikishe awamu 162, moja kwa kila mechi ya timu yake, naye alikuwa na 133. Kanuni ni ya ligi, si yao, wala siipingi. Lakini maelezo ya mstari mmoja chini ya orodha yangeniokolea siku hizo tisa. Ndivyo ilivyo pia kwa Emmanuel Clase wa Cleveland, mfungaji wa mechi, yaani mrushaji anayeletwa mwishoni kulinda ushindi, mwenye wastani wa 0.61, ambaye kwa kazi yake kamwe hawezi kufikisha awamu hizo.

Tarehe 19 Septemba nilikuwa kantini wakati wa mapumziko, simu ikiwa imeegemea chupa ya maji, Ohtani akicheza Miami. Aliingia uwanjani akiwa na homurani 48 na besi 49 za kuiba; akatoka na 51 kwa 51, mapigo sita katika zamu sita, wakimbiaji kumi. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha 50 kwa 50 katika msimu mmoja. Tarakimu zilibadilika mbele ya macho yangu, moja moja, na kwa jioni ile pekee ada yangu ilirudi. Ila homurani ya tatu aliipiga katika awamu ya tisa dhidi ya Vidal Bruján, ambaye si mrushaji kabisa. Miami walimpa kazi ya kurusha kwa sababu mechi ilikwisha kuwashinda, na ikaisha 20 kwa 4. Katika programu, homurani hiyo ya 51 inafanana kabisa na ile ya 50.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Nimelipia mwaka mwingine, na safari hii nimenunua daftari la kurasa 96 ambamo kila Jumapili ninaandika jina la wa pili katika kila orodha.