Kupima saratani ya mlango wa kizazi Dodoma: chumba cha kupimia kinaridhisha, daftari haliridhishi

Mwanamke wa Dodoma aliyefikisha miaka 30 na hajawahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, ningemshauri aende kituo cha afya kilicho jirani naye bila kusubiri kipimo cha kisasa zaidi kiletwe. Nasema hivyo baada ya kupimwa katika kituo kimoja cha serikali hapa mjini, ingawa yapo mambo ya huduma hiyo ambayo hayakuniridhisha hata kidogo.

Kwanza nieleze kilichofanyika, kwa sababu wengi huogopa wasichokijua. Sikulipa chochote. Muuguzi, binti mdogo kwangu kwa umri, alinipokea kwa shikamoo, akanieleza kila hatua kabla hajaigusa, na akaniachia nafasi ya kujifunga kanga yangu mwenyewe. Aliingiza spekula, yaani kifaa cha kupanua uke, akapaka mlango wa kizazi siki ya kitabibu kwa pamba, akatazama saa yake kwa dakika moja nzima, kisha akamulika kwa taa. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe zikiguswa na siki hiyo, na zikionekana mapema zinaweza kuondolewa papo hapo kwa tiba mgando, yaani kuzigandisha kwa baridi kali, au kwa kifaa cha kuchoma kwa joto, pasipo upasuaji. Nilihisi kuwashwa kidogo tu. Pazia lilikuwa fupi kuliko dirisha, lakini muuguzi alikwisha kuliziba pengo kwa shuka kabla sijalalamika.

Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba kinategemea jicho la mtu. Uvimbe wa kawaida nao hugeuka mweupe, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi eneo linalopaswa kutazamwa hurudi ndani ya mfereji wa kizazi, likawa halionekani vizuri. Mama mmoja mwenye miaka hamsini na kitu, tuliyekaa naye benchi moja, aliambiwa kipimo hiki hakimfai kisha akaachwa aondoke bila kuelekezwa pa kwenda. Hilo ni kosa kubwa, kwani ndiye aliyekuwa katika umri ambao ugonjwa wenyewe hujitokeza sana.

Utafiti wa miaka mingi umeonyesha njia nyingine. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo Harald zur Hausen wa Ujerumani alivihusisha na ugonjwa huu na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008; aina mbili tu, 16 na 18, huchangia takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Kwa kuwa virusi hivyo hukaa mwilini miaka mingi kabla ya saratani kujitokeza, kipimo kinachotafuta vinasaba vyake hubaini hatari mapema kuliko jicho. Katika wilaya ya Osmanabad nchini India, utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 130,000 na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kupimwa HPV mara moja tu kulipunguza vifo kwa karibu nusu, ilhali kundi lililopimwa kwa siki halikuonyesha upungufu wa kutegemewa. Hata hivyo siki isidharauliwe: mjini Mumbai, ambako wanawake walirudiwa kupimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili na wahudumu waliofunzwa vizuri, vifo vilipungua kwa asilimia 31.

Tofauti ya Mumbai, kwa maoni yangu, ni kule kurudiwa, na hapo ndipo kituo chetu kinapoanguka. Shirika la Afya Duniani linashauri anayepimwa kwa siki arudie kila baada ya miaka 3, na anayepimwa HPV kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni takriban mara sita ya wasio na VVU, waanze wakiwa na miaka 25 na warudie kipimo cha HPV kila miaka 3 hadi 5. Mimi nilipewa kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe ya siku hiyo na neno «salama», bila tarehe ya kurudi. Nilipouliza, muuguzi aliandika mwaka kwa kalamu pembeni, lakini daftari lao halina hata safu ya namba ya simu ya mteja. Nani atamkumbusha mama wa kata ya Nkuhungu mwaka huo ukifika?

Ningependa pia kuona sampuli ya kujichukulia mwenyewe ikifika hapa. Kipimo cha HPV kinaruhusu mwanamke aingize kijiti laini ukeni akiwa peke yake, na wengi wanaokwepa kitanda cha uchunguzi kwa aibu wasingekuwa na kisingizio. Mabinti zetu wa miaka 9 hadi 14 wanachanjwa, jambo jema, lakini chanjo hiyo haiwasaidii mama zao ambao tayari wamekwisha kupata virusi.

Wanaotoka Bahi au Chamwino wafike mapema asubuhi, wakiwa na kanga, na wasiondoke kituoni kabla ya kuandikiwa mwaka wa kurudi. Waliochelewa siku niliyokwenda waliambiwa warudi kesho yake.