Vidonge vya ini vya kile kiduka cha tiba asili, Mtwara mjini

Jamani mliokuwa mnauliza vile vidonge vya "kusafisha ini", haya. Nilimnunulia mjomba yuko Newala, msimu wa mabibo ukifika uraka na nipa, zile pombe za mabibo, haziishi kwake, kopo la vidonge 30 ni 25,000, bei imechangamka kidogo. Kopo limefungwa vizuri, lina namba ya bechi na tarehe ya kuisha, kila kidonge silimarini miligramu 140. Hiyo silimarini wanaitoa kwenye mbegu za Silybum marianum, mmea wa miiba wenye maua ya zambarau, asili yake kule pwani za Mediterania.

Kilichonifurahisha ni dada muuzaji. Kabla ya hela kaniuliza mzee anatumia dawa gani, hasa za TB, maana zile zenyewe zinaweza kuumiza ini na daktari lazima ajue kila anachomeza, halafu akasema wazi akiendelea na nipa hela yako umeitupa. Nampa maua yake. Na hiyo sifa ya mmea ya kuzuia sumu mnayoisikia ni kule Ulaya, mtu akila uyoga wa sumu anawekewa dripu ya dawa iliyotokana na mmea huo hospitalini, siyo kidonge cha dukani. Aliyezidisha panado naye akimbizwe hospitali, kuna dawa yake nyingine kabisa.

Sasa zile chupa za kaunta, maji ya kahawia hayana lebo, eti mlonge, manjano na mizizi, "inatoa sumu zote". Mizizi gani? Kijana anajibu siri ya babu. Aah hapana. Manjano ya kwenye mchuzi haina neno ila ile iliyokolezwa kwenye vidonge imeshaumiza maini ya watu, yani dawa ya ini inakupa ugonjwa wa ini! Nyingi ya hizi dawa zimejaribiwa kwa panya, anapewa sumu, anapewa majani, ini linapimwa. Mjomba siyo panya. Na karanga zenye ukungu tunazotwangia kisamvu, sumukuvu ile inaharibu ini kwelikweli, mbona hiyo hakuna anayeitaja pale dukani?

Mjomba anasema hamu ya kula imerudi, ila na pombe kapunguza kwa hiyo sijui nimsifu nani, tunasubiri vipimo vya ini. Nyota tatu, wakitoa zile chupa naongeza moja.