Daktari wa farasi wa kuitwa usiku: uzoefu wangu na Sajini

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaeleza ilikoangukia.

Mimi ni saisi. Nimekaa na farasi miaka kumi na tisa, kwanza uwanja wa mbio wa Ngong, kisha kwenye boma moja hapa Karen, ninakotunza farasi wawili wa mama ambaye nusu ya mwaka huwa Uingereza. Farasi si wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi tunaotafuta huduma hii ni watu wa aina yangu: mwenye mali yuko mbali, aliyeshika kamba ni mfanyakazi, na daktari akifika anaongea na simu.

Sajini alikuwa na miaka 23, dume aliyehasiwa. Enzi zake alikimbia Ngong kwa jina la Kizungu la maneno matatu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtembeza baada ya mbio mpaka jasho likauke. Jina la Sajini tulimpa sisi masaisi, maana kila alfajiri alisimama langoni kifua mbele akingoja ndoo, utadhani anakagua gwaride. Jioni moja ya mwezi wa tano nilitikisa ndoo, Chausiku, yule farasi mwenzake, akaja mbio. Sajini akabaki konani.

Nilimkuta anageuza shingo kutazama ubavu wake, kama mtu aliyesikia ameitwa. Mdomo wa juu umekunjwa, mguu wa mbele unachimba. Akajilaza, akabingirika, akainuka, akajilaza tena. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma na kububujika mchana na usiku. La Sajini lilikuwa kimya.

Msokoto wa tumbo nimeuona mara nyingi. Mwingi ni gesi, au kinyesi kilichokauka, na sindano moja inatosha. Lakini kimya kile sikukipenda, kwa hiyo sikungoja asubuhi. Simu ilipokelewa na daktari mwenyewe, si karani. Akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: amekunya lini mara ya mwisho, ufizi una rangi gani, moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Nilihesabu chini ya taya nikapata 60. Farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44.

"Ondoa chakula chote, mzee wangu, na usimpe kitu chochote mdomoni," akasema. "Akitulia kwa kutembea, mtembeze polepole. Aking'ang'ania kulala, mwache, na wewe kaa mbali na miguu yake."

Alisema kwa wakati. Saisi wa jirani alikuwa ameshaingia na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya kupikia, tayari kuimimina kooni. Ndiyo dawa tuliyorithi kwa wazee wetu, na imeua farasi zaidi ya mmoja, kwa kuwa mafuta yakikosa njia huingia mapafuni. Nikamwomba aiweke chini. Alinuna, na mpaka leo salamu zake ni za mkato.

Dakika hamsini baadaye gari likaingia, pamoja na mvua na foleni ya barabara ya Ngong. Akashuka binti wa umri wa kifungua mimba wangu, gambuti miguuni na taa kichwani. Kabla hajamgusa farasi aliniuliza, "Ni wewe unayemjua?" Nikasema ni mimi. "Basi simama kichwani kwake, uniambie nikikosea."

Hapa nitakwenda taratibu, kwa sababu ndipo nilipojifunza. Farasi hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake unaruhusu kitu kuingia tu, haurudishi. Utumbo ukiziba huko chini, maji yanarudi nyuma na kujaa tumboni, na yasipotolewa tumbo linaweza kupasuka. Kwa hiyo jambo la kwanza alimpitisha mpira mrefu puani hadi tumboni. Nilidhani anataka kumpa mafuta ya parafini, yale ya dawa ya kulainisha choo, msije mkadhani ni mafuta taa. Hakumpa. Aliinamisha mpira kwenye ndoo, na maji yakaanza kutoka yenyewe, ya kijani, yenye harufu ya uchachu. Yalipita nusu ya ndoo yetu ya lita ishirini. "Hii si gesi," akasema.

Kisha akavaa glavu ndefu hadi begani, akaingiza mkono nyuma. Alikaa kimya kitambo. Akaniambia amegusa utumbo mwembamba umevimba, mikunjo imepangana kama mipira ya baiskeli iliyojazwa upepo. Kwa farasi mzee, alisema, mara nyingi chanzo ni uvimbe wa mafuta unaoota tumboni ukiwa na kikonyo kirefu. Siku moja kikonyo kile kinajizungusha kwenye utumbo na kuukaba kama kamba. Bila kupasua huwezi kuapa kwamba ndicho. Na chakula hakihusiki. Hilo la mwisho nilikuwa sijaliuliza, ila nadhani alinisoma usoni, maana wiki ile nilikuwa nimefungua marobota mapya ya nyasi kavu.

Alimchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kulegeza utumbo. Kwa muda wa saa nzima Sajini alisimama, mdomo ukalegea, akaweka paji la uso kifuani pangu kama alivyozoea nikimvua hatamu. Nikaanza kushukuru. Daktari hakuniacha nijidanganye. "Hiyo ni dawa inaongea, mzee. Ikiisha ndipo tutamsikia yeye."

Ikaisha saa nne na nusu. Moyo ulipanda hadi 88. Ufizi ukageuka zambarau chafu, na jasho likamtiririka katika baridi ile ya Karen. Daktari akanivika vile vifaa vyake vya kusikilizia, akaniwekea mkono palepale pa ubavuni. Hamna kitu, hata tone.

Alimpigia Mama, mwenye farasi, akaweka simu kwenye spika ili nami nisikie kila neno. Mama aliuliza kuhusu upasuaji. Daktari akaeleza bila kuzungukazunguka: ni kumlaza kwa dawa ya usingizi, kufungua tumbo, na huenda kukata kipande cha utumbo, na kwa umri wa Sajini na hali ya moyo wake, asingemshauri. Halafu akanigeukia. "Wewe unaonaje, mzee?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema, "Amechoka." Mama akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema basi tusimcheleweshe.

Nilimwongoza mwenyewe hadi langoni, ambako ardhi ni tambarare na lori linafika. Alienda kwa miguu yake, akisimamasimama. Daktari alinipa mkasi, nikakata singa za mkia, fungu moja la Mama na fungu moja langu, nikazifunga kwa uzi tunaoshonea mablanketi. Na kabla ya sindano akanieleza yote yatakayotokea: "Ya kwanza ni ya kumtuliza, kichwa kitainama. Ya pili ni ya usingizi, kipimo kikubwa sana. Ataanguka kwa kishindo, usijaribu kumzuia. Macho hayatafumba. Anaweza kuvuta pumzi kubwa mara mbili tatu moyo ukiwa umeshasimama. Hajarudi, ni mwili tu unaomalizia."

Yakawa vilevile, kwa mpangilio uleule. Magoti, kishindo, pumzi mbili. Nimewahi kuona farasi akilazwa na mtu asiyeeleza lolote, na zile pumzi za mwisho zilinifuata usingizini miezi. Safari hii nilizihesabu tu. Daktari alisikiliza moyo kwa muda mrefu, akagusa jicho kwa ncha ya kidole, akatazama saa. Saa tano na dakika arobaini.

Nilitaka kufunika turubai haraka, akanizuia. "Mlete mwenzake kwanza." Ukimwondoa farasi ghafla, aliyebaki anaweza kukaa siku kadhaa akiita na kuzunguka ua, wengine hata chakula wanakataa. Nikamfungua Chausiku. Alinusa pua, akanusa tumbo, akavuta singa za shingo kwa meno mara moja, kwa nguvu, kama alivyomchokoza siku zote. Akasimama. Baada ya robo saa hivi akageuka, akaenda kula nyasi kando ya ua. Ndipo tukafunika.

Sasa ile nyota. Dawa ile inabaki kwenye nyama. Mbwa, fisi au tai akila mzoga anaweza kufa, na sisi hatuko mbali na mbuga ya Nairobi, kwa hiyo si mzoga wa kutupwa wala wa kufukiwa juujuu. Kliniki ilisema lori lao lingefika saa kumi na mbili asubuhi. Nilikesha na tochi kuwafukuza mbwa wa jirani. Lori likafika saa nne. Vijana wawili, hata pole hawakusema, wakaanza kumfunga mnyororo shingoni. Nikawaambia wafunge miguu. Mmoja akajibu, "Mzee, si ni nyama tu?" Mkono uliniwasha, lakini nina watoto wa kusomesha. Na shilingi 15,000 za lori zililetwa kwenye risiti ya pembeni ambayo usiku hakuna aliyeitaja. Gharama ya daktari sina neno nayo, ilitajwa kabla hajawasha gari. Nilipolalamika, daktari alinipigia mwenyewe kuomba radhi. Kama wamebadilisha watu wa lori sijui, ulizeni mapema, na mdai bei kwa maandishi.

Juzi uliingia ujumbe kutoka kliniki hiyohiyo: chanjo ya Sajini ya ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi inakaribia. Niliusoma mara mbili nikiwa nimeshika ndoo. Nikapiga simu, msichana wa mapokezi akaona haya, akalifuta jina. Chausiku yumo bado kwenye orodha yao, tarehe ileile. Nimewaambia daktari aje saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.