TAHADHARI: "Kamshafti ya mngurumo" inayouzwa Mbeya, nimeshaliwa

Wakuu wenye Fuso na Kenta, hasa mnaotafuta spea Mwanjelwa na Uyole, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva. Anatuma video ya lori limesimama sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, linanguruma kwa kudundadunda, du-du, kimya kidogo, du-du-du. Chini kaandika kwamba ni kamshafti ya resi (kamshafti ni ule mhimili wenye nundu unaofungua na kufunga valvu, yaani milango ya hewa na moshi ya injini), ukifunga unapanda mlima Kitonga kama umebeba magodoro. Ukimuuliza duka liko wapi, yuko Tunduma anatoa mzigo. Kila siku yuko Tunduma.

Mimi nilikuwa na njaa ya kuamini. Fuso langu linashusha viazi Dar, na likirudi na mabati lilikuwa linachoka vibaya pale Kitonga. Fundi alishaniambia kamshafti imelika. Jamaa akataja laki saba, nitangulize nusu, mzigo uje kwa basi. "Kiongozi, wewe ukisikia sauti tu utajua hela yako imekwenda wapi." Nikatuma. Mzigo ukafika kweli stendi ya Nane Nane, umefungwa vizuri, mweusi, unanuka rangi mpya. Hiyo rangi ndiyo ingenishtua. Nikamalizia hela.

Tumefunga, tumewasha, na sauti ikawa ileile ya kwenye video. Utingo wangu alishangilia. Asubuhi yake, baridi ya Juni ya Mbeya mnaijua, tulipiga starta mpaka betri ikaanza kulia, na ilipowaka ikatoa moshi mweupe kama tunachoma majani mabichi. Mlimani ikawa moshi mweusi, gia ya pili, bajaji zinatupita.

Sasa nieleze nilichofundishwa na mzee mmoja fundi wa gereji ya Soweto hapa Mbeya, maana ndicho kinachowaliza wengi. Ule mngurumo wa kudunda upo kweli, lakini kwao ni kwenye injini za petroli, kama zile pikapu za Kimarekani zenye silinda 8. Kamshafti ya resi ina nundu pana, inaziacha valvu wazi muda mrefu. Valvu ya hewa inafunguka kabla ya ile ya eksozi kufunga, kwa hiyo injini ikiwa sailensa moshi unarudi kuchanganyika na hewa mpya, moto unashika mara unakosa. Hicho ndicho unachokisikia: injini inamisi. Wenzetu wanaivumilia kwa sababu wakikanyaga mafuta, injini ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika na kuendelea, hewa inaingia kwa kasi kubwa na ule muda mrefu wa valvu unawalipa.

Fuso la dizeli halifiki huko. Kazi yake yote linaifanya chini ya 3,000, na mlimani unalitaka livute likiwa chini zaidi ya hapo. Valvu ya hewa ikichelewa kufunga kwa mwendo huo, pistoni inapanda huku inairudisha hewa ilikotoka. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto, inategemea hewa ibanwe mpaka ichemke. Hewa ikipungua ndani ya silinda, asubuhi ya baridi haiwaki vizuri, na mlimani mafuta hayaungui yote. Na sisi huku juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi tangu mwanzo. Tena mzee akaniambia nishukuru haikuwa kamshafti ya resi ya kweli, maana kwenye dizeli pistoni ikifika juu inabakiza nafasi ndogo sana na valvu. Nundu ndefu ingezigonganisha, ningekuwa natafuta injini nzima.

Kwa hiyo ilikuwa nini? Chuma cha skrepa. Mzee aliitoa, akapima kila nundu kwa venia, kile kipimo cha milimita, kimo kikubwa akatoa kile kidogo ajue nundu imeinuka kiasi gani. Nundu za valvu za hewa zote sita zinatakiwa zilingane. Nne zililingana, mbili zilipungua karibu milimita 2, na ncha zake zimesogezwa pembeni. Mtu kachukua kamshafti iliyolika, kaisaga kwa jiwe bila kipimo, kapiga rangi. Silinda mbili zinapumua tofauti na wenzake, ndiyo maana inadunda. Kusaga kamshafti si dhambi, wapo mafundi wanaosaga vizuri kwa mashine. Huyu sio.

Halafu akachukua tupa, akaipitisha kwenye nundu taratibu. Chuma kilichokomazwa, tupa inateleza tu. Hii ilikula. Ngozi ngumu ya juu imesagwa yote, na tulipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, tukakuta unga unaong'aa kwenye oili. Wiki tatu tu. Jamaa pia alikuwa ameniambia nisibadilishe tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na nundu ili valvu zifunguke, "hizo za zamani zimeshazoea". Wakuu, kamshafti mpya inafungwa na tapeti mpya. Tapeti ya zamani imekaa umbo la nundu ya zamani, itaichimba hata kamshafti nzuri.

Nilipompigia, simu ya kwanza alisema fundi wangu hajui kutega taiming, yaani kuoanisha kamshafti na mzunguko wa injini. Alama za gia tulizikagua mara mbili, zilikaa. Simu ya pili hakupokea, ya tatu nimeshablokiwa. Namba yake nimeituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na meseji zote ninazo. Siiweki hapa kwa sababu nasikia anabadilisha laini, mtu akikutana na namba nyingine ataona yuko salama. Mtambueni kwa video ya mngurumo, picha ya rafu za spea zisizo na mtu, na safari za Tunduma zisizoisha.

Kamshafti yenyewe nimeiacha palepale gereji, imening'inia ukutani kwa waya. Anayetaka kuipima aje, ila aje na venia yake, ya mzee haazimishwi mtu.