Stendi ya vyombo Kibuye: vitu poa, ila stika ya BPA isikudanganye

Kama uko Kisumu na unatafuta chupa za mtoto ama hotipoti, kuna stendi moja soko la Kibuye, upande wa sufuria, naipea nyota nne. Mama watoto ana mimba changa so tunapunguza plastiki jikoni, na jamaa wa hapo hana noma, anakuacha ugeuze kila chombo usome namba ya chini, ile ya aina ya plastiki, bila kukununia, kwingine ukigeuza mbili tu unaulizwa kama unanunua ama umetumwa na KEBS, wale wa kukagua ubora wa bidhaa.

Chupa ya glasi ni nzito kiasi lakini inachemka kwa sufuria bila shida na alama za mililita hazijafutika. Hotipoti ni stili ndani, mfuniko unakaza.

Sasa zile kontena za rangi ziko na stika ya kusema hazina BPA, watu wanazinyakua kama zimebarikiwa. BPA ni kemikali moja tu ya plastiki bana. Inajifanya estrojeni, homoni ya kike, mwilini, Ulaya waliipiga marufuku kwa chupa za watoto 2011, Marekani 2012. Lakini kuna thaleti, zile za kulainisha plastiki ya PVC, ile ya namba 3, na stika haizitaji. Hazijashikana na plastiki kabisa, joto na mafuta yanazitoa, so usimwage omena ya moto humo.

Na kwa mtoto wa kiume mambo yanaamuliwa mapema, karibu wiki ya 8 hadi 14 ya mimba, hapo testosteroni yake mwenyewe, homoni ya kiume, ndio inamjenga. Panya wenye mimba wakipewa thaleti inaitwa DEHP, hiyo testosteroni ya watoto inashuka, wengine wanazaliwa korodani hazijashuka ama tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwa ncha. Kwa binadamu, utafiti wa Marekani wa 2005 uliona mama wenye thaleti nyingi kwa mkojo wanazaa watoto wa kiume ambao nafasi kati ya mkundu na sehemu za siri ni fupi, na hiyo nafasi inafuata homoni. Si ati kila mtoto ataumia, lakini bei ya hotipoti naiona ndogo.

Nyota moja nimekata juu ya madishi ya plastiki hayana namba yoyote, ukiuliza anasema tu "hiyo ni ya kutoka nje". Jumapili kunajaa vibaya, enda katikati ya wiki na usiogope kubagain.