Waya ya kuficha ya kuipa kompyuta ndogo stima saa zote kwa gari: inafaa?

Niaje watu wangu, karibuni, leo tuko hapa Kisumu na ile kitu mmeniuliza sana, hii waya ya kutoa stima kwa betri ya gari hadi kwa kompyuta ndogo bila kuonekana. Nimeifunga kwa Probox, ndani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero 2 W na kamera ya mbele, ile dashikamu. Niseme tu mapema, hii kitu ni poa, lakini pesa yako inaenda kwa ile sehemu inayokata stima betri ikishuka, na hiyo ndiyo watu hawaulizi wakinunua, wanauliza tu kama USB iko moja ama mbili.

Mtu atasema si utumie tu tundu ya sigara. Sawa, lakini gari nyingi za Japani hiyo tundu inakufa ukitoa ufunguo, na hata ukipiga stata inakata kidogo, kwa hivyo kompyuta inazima na kuwaka upya kila ukiwasha gari, na hizi kompyuta hazipendi kuzimwa ghafla juu memori kadi inaweza haribika ikiwa katikati ya kuandika. Alafu umeegesha Kondele jioni na waya imening'inia kwa dashibodi, anayepita anajua ndani kuna kitu ya kubeba.

Kifaa chenyewe ni kiboksi cha plastiki, kinachukua volti 12 kinateremsha hadi 5. Upande mmoja USB, upande wa pili waya tatu, na hapa sikizeni vizuri. Kwa hii yangu njano ndiyo ya stima ya saa zote, nyekundu ni ya stima inayokuja ukifungua swichi ya ufunguo, nyeusi ni ya bodi. Watu wengi wakiona nyekundu wanadhani ndiyo ya betri moja kwa moja, wanageuza, alafu wanashangaa mbona inazima gari ikizimwa. Soma karatasi yako, usiende na rangi peke yake.

Kufunga si ngumu. Fungua boksi ya fyuzi chini ya dashibodi, chukua testa, toa ufunguo, tafuta fyuzi yenye bado iko na moto, kama ya taa ya ndani. Fyuzi za eabegi, breki za ABS na kompyuta ya injini usiguse kabisa, tafadhali. Kuna ile soketi ya kuongeza fyuzi, unachomeka mahali pa ile ya zamani, ya zamani inabaki kazini na yako inakaa kando yake. Weka ya ampi 3, ile ya zambarau, inatosha kabisa maana hata USB ikitoa ampi 3 za volti 5 ni wati 15 tu, kwa upande wa betri haifiki hata ampi 2. Nyeusi funga kwa bolti iliyogusa chuma, si juu ya rangi. Na kama gari yako ina eabegi kwa nguzo za kioo, waya ipite nyuma yake, kamwe isipite mbele. Kama hujawahi shika waya za gari nenda kwa fundi wa stima za magari, Kibuye hukosi mmoja, na ukae hapo uone anachukua fyuzi gani.

Haya, sasa kukata. Betri imejaa na gari imezimwa inasoma kama 12.6, ikifika 12.2 imebaki karibu nusu, 11.8 hapo ni kama imeisha. Hii yangu ina kiswichi cha kuchagua 11.8, 12.0 ama 12.2, na imetoka dukani ikiwa 11.8, ambayo mimi sikubaliani nayo hata kidogo. Betri iliyozeeka ikifika hapo asubuhi stata inalia tik tik tu. Weka 12.2. Hebu piga hesabu na mimi, kompyuta na kamera tuseme zinakula wati 3, ukiongeza yenye inapotea kwa kuteremsha volti ni kama ampi 0.3, kwa siku nzima ni ampi-saa 7 hivi. Betri ya NS40, ile saizi ya gari ndogo, ikiwa mpya ni kama ampi-saa 35. Egesha Ijumaa jioni uirudie Jumatatu asubuhi, umekula nusu yake. Na hizi betri za asidi ukizishusha chini ya nusu kila mara zinakufa mapema, bei ya betri mnaijua.

Kitu sijapenda ni kwamba inakata bila kuambia kompyuta. Dashikamu haitajali sana, Raspberry Pi itajali. Dawa yake ni kuchukua ile stima ya swichi ya ufunguo kama ishara, gari ikizimwa kompyuta ihesabu muda alafu ijizime yenyewe polepole. Lakini usipeleke volti 12 kwa pini za kompyuta, zile pini ni za 3.3, utachoma kompyuta, weka optokapla katikati, kale kadude kanapitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha waya. Hata ukiweka hiyo, ingia raspi-config, ile menyu ya mipangilio ya Pi, uwashe ile ya overlay, hapo mfumo hauandikwi kwa kadi, na video uziweke kwa flashi nyingine.

Joto nalo, jua la hapa mnalijua. Pi ikigonga digrii 80 inaanza kujipunguza kasi, kwa hivyo usiiweke juu ya dashibodi, yangu iko chini ya kiti cha abiria. Kebo ya USB iwe fupi na nene, nyembamba inakula volti njiani na ikishuka chini ya 4.63 utaona alama ya radi kwa skrini.

Kwa stata imepita vizuri, nimepiga gari ikiwa baridi na kompyuta haikuzima. Kwa Zero na dashikamu nunua. Pi 4 itabanwa ukiichomekea vitu vingi, na wenye Pi 5 muiache, hiyo inataka ampi 5, tafuteni konvata kubwa, yaani ile ya kuteremsha volti, na kifaa cha kukata kivyake. Andikeni hapo chini gari yako ni gani na mwaka gani, tuangalie pamoja utatoa stima kwa fyuzi ipi.