Karai la Chuma kutoka Soko la Kibuye kwa Wali wa Kukaanga wa Kijapani

Yeyote anayetaka kupika chahani, yaani wali wa kukaanga wa Kijapani, nyumbani kwake hapa Kisumu, ningemsihi ayaangalie kwanza makarai ya chuma ya mafundi wa jua kali yanayouzwa katika soko la Kibuye kabla ya kununua kikaango cha bei ghali dukani. Nililochagua lina upana wa takribani sentimita 35, kitako cha mviringo na masikio mawili. Aendaye kununua abebe sumaku ndogo, kwa maana karai la alumini halinasi sumaku, nalo silipendekezi kwa kazi hii.

Chahani ina asili yake katika mapishi ya Kichina, na huko Japani huuzwa sana katika migahawa ya rameni, yaani tambi za mchuzi. Siri yake ni moto mkali wa muda mfupi. Yai lililopigwa hutangulia kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, na kabla halijashikana wali humwagwa juu yake na kuvurugwa upesi ili kila punje ivikwe yai. Kisha hufuata chumvi, pilipili manga na vitunguu vya majani. Bamba la chuma hustahimili moto huo bila taabu, ilhali utando wa vikaango vingi visivyogandisha chakula huanza kuharibika joto linapopita nyuzi 260. Uzuri wa karai huonekana hasa mwishoni, unapomimina sosi ya soya kwenye ukingo wenye moto badala ya kuimwaga juu ya wali: huchemka papo hapo, hukolea, na harufu yake huenea katika chakula chote. Kwenye sufuria jambo hilo halipatikani, kwa kuwa wali hutoa maji na kuishia kuiva kwa mvuke.

Karai jipya haliko tayari kwa kupikia. Lisugue kwa maji moto na sabuni mpaka grisi ya karakana iishe, lipashe moto hadi rangi ya chuma ibadilike, kisha lipake mafuta ya kupikia kwa kitambaa, mafuta membamba sana, na urudie mara kadhaa. Ukizidisha mafuta, utabaki na utando unaonata. Kila baada ya kuosha likaushe juu ya moto na kulipaka mafuta tena, la sivyo litashika kutu, hasa katika hewa hii ya kando ya ziwa.

Kasoro zipo. Ukingo wa langu haukupigwa tupa vizuri, ikanibidi niulainishe kwa msasa, na masikio hushika moto kiasi kwamba huwezi kurusha wali hewani kama wafanyavyo wapishi wa Kijapani. Kijiko bapa cha kugeuzia chapati hufanya kazi hiyo vyema, nacho hukwangua ukoko kabla haujaungua.

Kuhusu wali wenyewe, Wajapani hutumia mchele wa punje fupi unaoshikana kidogo. Pishori ya Mwea ni tamu, lakini manukato yake huifunika soya. Mimi naupendelea mchele usionukia wa Ahero, unaolimwa katika tambarare za Kano kwa maji ya mto Nyando. Kiporo ndicho kinachofaa zaidi, kwa kuwa punje zilizopoa hukakamaa na kuachana. Hata hivyo, kiporo hicho kisilale kwenye sufuria jikoni, kwani zipo bakteria ambazo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, nazo huzaliana wali ukiachwa katika joto. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uutie kwenye friji usiku uleule, na siku ya pili ukaange sahani moja au mbili kwa wakati mmoja, maana wali baridi ukiwa mwingi hulipoza karai.

Juu ya jiko la makaa kitako cha mviringo hutulia barabara. Kwenye gesi huyumba, na utahitaji pete ya chuma ya kulikalisha. Anayepikia jiko la umeme la sahani bapa asilinunue, kwa kuwa litagusa moto katikati tu. Huyo atafute kikaango cha chuma chenye kitako bapa.